Utepe unaovutika kwenye ndoana: jinsi ya kufunga buu la kadisi na miguu inayocheza majini

Shika utepe mwembamba wa mpira kwa ncha zake mbili, uuvute taratibu. Unarefuka, unakonda, na rangi yake inapauka. Uachie: unarudi ulivyokuwa, tena unarudi kwa nguvu. Kazi yote nitakayoeleza hapa, ya kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki, imo katika mambo hayo. Fundi anayeyazingatia hufunga buu wa kadisi (mdudu wa mtoni anayeliwa na samaki) mwembamba mkiani na mnene kifuani, kama alivyo mdudu mwenyewe chini ya jiwe. Anayeyapuuza hufungua kisanduku chake mtoni akakuta nusu ya nzi wake wamefumuka.

Hayo ya kufumuka yalinipata mimi. Dazeni za kwanza nilizofunga kwa spandeksi, uzi wa plastiki unaovutika, zilirudishwa na mnunuzi, miili mizuri lakini vichwa vimeachia. Nilidhani uzi ulikuwa mbovu. Uzi haukuwa na kosa. Nilikuwa nakata mpira ukiwa umevutwa, baada ya mizunguko miwili tu ya uzi, na mpira ulipojirudi ulichomoka chini ya uzi ule bila mimi kuona.

Nzi wa kuvulia, au flai kama tunavyosema karakanani, ni ndoana iliyovishwa uzi, manyoya, waya au mpira ili samaki aione kama mdudu. Kenya imefunga nzi wa namna hii na kuwauza Ulaya na Marekani kwa miongo mingi, na mafundi wengi niliokaa nao meza moja hawajawahi kumwona trauti, samaki wa mito ya milimani anayevuliwa kwa nzi hao, akiwa hai. Ni jambo linaloniuma, kwa sababu mito yenye trauti haiko mbali. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura mwaka 1905. Hadi leo trauti wamo katika mito inayoshuka kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya: Gura, Chania, Mathioya, Thiba, Naro Moru.

Ukipata nafasi, kabla hujafunga hata nzi mmoja, nenda kwenye maji yanayokimbia, uinue jiwe lililolala chini na kutazama upande wake wa chini. Utamkuta buu wa kadisi asiyejenga nyumba, yule anayesuka wavu mdogo wa kunasia chakula. Ana tumbo lenye pingili, la kijani au la kahawia, magamba meusi matatu juu ya kifua, miguu sita mifupi iliyobanana mbele, na matamvua ya kupumulia chini ya tumbo. Mguse kwa kidole: ni laini, anang'aa, na mwanga unampita kidogo. Manyoya hayawezi kukupa ngozi ya namna hiyo. Utepe unaovutika unaweza.

Vifaa vinavyovutika

Spandeksi ndiyo mama yao. Ilibuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Virginia, Marekani, alipokuwa akitafuta kitu cha kushika nafasi ya mpira katika nguo za ndani. Ni polyurethani, aina ya plastiki, na uzi wake hurefuka mara tano au zaidi ya urefu wake kisha ukarudi. Kwa wafunga nzi huja kama nyuzi za rangi, moja moja au zikiwa zimegandamana kama utepe unaochanika kwa kucha. Hii ni nzuri kwa miguu, na pia kwa miili ya ndoana ndogo.

Kisha kuna utepe wa plastiki laini, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, wenye upana wa milimita 3 au 6, unaotumika kufunika migongo ya vidudu jamii ya kamba wa maji baridi. Na kuna mrija mwembamba wa vinaili, mwingine mviringo, mwingine wenye umbo la nusu duara. Ule wa nusu duara una upande bapa ambao lazima ulale kwenye ndoana muda wote. Ukipinda mara moja tu, pingili zote zinazofuata zinaharibika, na hakuna namna ya kurekebisha ila kurudi nyuma.

Kama duka la vifaa vya uvuvi liko mbali, usikate tamaa. Wauza shanga wana uzi wa lastiki usio na rangi, wa kutungia bangili, na ule mwembamba kabisa unafaa sana kwa mwili ukizungushwa juu ya uzi wa rangi. Glavu za hospitali ambazo hazijatumika hukatwa tepe. Nyingine ni lateksi, yaani utomvu wa mti, lakini zinavutika kwa tabia ileile. Tyubu ya baiskeli ni nene mno kwa buu. Nitaitaja tena tutakapofika kwenye kaa wa mtoni.

Kukata tepe kutoka kwenye glavu kunataka utulivu. Tandaza kipande kwenye kigae au kioo, paka poda kidogo kisigande, weka rula ya chuma juu yake, na ukate kwa wembe mpya kwa kuubonyeza na kuuviringisha. Usiuburute. Ukiuburuta, mpira unavutika mbele ya wembe na ukingo unatoka kama msumeno. Upana wa milimita 2 hadi 3 unatosha kwa ndoana namba 12 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo). Ncha moja ya utepe ikate mshazari iwe kali kama ya mkuki.

Jaribu kabla ya kufunga

Sipendi kuona mtu akitoa utepe mpya kwenye pakiti na kuupeleka moja kwa moja kwenye jiliwa, kile kifaa cha kubania ndoana. Kata sentimita kumi, weka alama mbili kwa kalamu, uvute mpaka uhisi unakataa. Hapo ndipo kikomo chake. Ushikilie hapo kwa muda wa kuhesabu hadi sitini, kisha uachie upime tena. Ukirudi sawasawa, ni mzima. Ukibaki mrefu kuliko ulivyoanza, umechoka, na mwili utakaoufunga kwa utepe huo utalegea kisandukuni kabla haujaona maji.

Wakati umeuvuta, tazama rangi. Kijani iliyokolea inakuwa kijani ya majani machanga. Nyekundu inaelekea waridi. Kwa hiyo chagua rangi iliyokolea kuliko ile unayoitaka. Na kwa kuwa utepe uliovutwa unapitisha mwanga, rangi ya uzi wa chini itaonekana pia. Juu ya uzi mweupe, kijani inang'aa. Juu ya uzi mweusi, kijani ileile inakufa. Mimi hutumia uzi wa rangi ya zeituni, mwembamba wa kipimo cha 8/0, wa poliesta. Uzi wa nailoni nao unavutika, na vitu viwili vinavyovutika vikishikana, kila kimoja kinamdanganya fundi kuhusu nguvu ya mwenzake.

Kufunga buu

Andaa ndoana namba 12 yenye shina lililopinda, bobini (kishikio cha kigurudumu cha uzi) yenye uzi, utepe, manyoya ya sungura ya kahawia iliyokolea kwa ajili ya kifua, na waya mwembamba wa shaba. Waya huo hauhitaji kununuliwa: mafundi wanaosuka mota hutupa vipande kila siku, na ule wenye rangi ya vanishi nyekundu ni mzuri kuliko wa dukani.

Kwanza bonyeza kijino cha ndoana kwa koleo kiwe bapa, ndipo uikaze kwenye jiliwa. Kama itavunjika, afadhali ivunjike sasa.

Pili, zungusha waya kwenye shina mara nane hadi kumi, kuanzia katikati kuelekea jichoni, ukiacha nafasi ya milimita mbili kabla ya jicho. Huu ndio uzito utakaomshusha nzi hadi kwenye mawe. Pia unene wa kifua unaanzia hapa.

Tatu, anza uzi nyuma ya jicho, funika waya, na uteremke kwa mizunguko inayogusana hadi nusu ya kipindo cha ndoana. Hakikisha hakuna ngazi pale waya unapoishia. Jaza kwa uzi mpaka pawe na mteremko laini. Utepe unaovutika hausamehe nundu. Manyoya huficha, utepe huonyesha kila kitu kilicho chini yake.

Nne, funga kipande kingine cha waya mkiani kikiwa kinaning'inia nyuma. Hicho kitakuja kuzungushwa mwishoni.

Hatua ya tano ndiyo inayoamua kila kitu. Weka ncha kali ya utepe juu ya shina, ushike kwa mizunguko miwili ya uzi, kisha uvute utepe nyuma hadi karibu na kikomo chake, na ndipo uendelee kuufunga kwa uzi ukishuka nao kuelekea mkiani huku bado umevutwa. Sababu ni hii: utepe uliofungwa ukiwa umetulia ni mnene. Uzi unaushika kwa unene huo. Baadaye unapouvuta ili kuuzungusha, unakonda ndani ya uzi, na uzi uliokuwa umekaza unabaki umezunguka hewa. Utepe unateleza kama kamba inavyoteleza katika ngumi iliyolegea. Lakini utepe uliofungwa ukiwa umekonda hauwezi kukonda tena. Ukiachiwa unajaribu kunenepa, na unajikaza wenyewe dhidi ya uzi. Nguvu ile ya kurudi, ambayo ilikuwa adui, inakuwa mlinzi.

Rudisha uzi mbele hadi nyuma ya jicho.

Sita, mzungusho. Mzunguko wa kwanza mkiani vuta utepe kwa robo tatu ya kikomo chake. Kila mzunguko unaofuata upite juu ya theluthi moja ya ule uliotangulia, na kwa kila mzunguko legeza mkono kidogo tu. Ukifika katikati ya shina uwe umevuta nusu. Ukifika kifuani utepe uwe umelala karibu bila kuvutwa. Unene wa mwili unatoka mkononi mwako, na utaona pingili zikijitokeza moja baada ya nyingine, kila moja pana kuliko iliyotangulia. Mizunguko saba au minane inatosha. Mtu akiniuliza ni lini mkono hujua wenyewe kiasi cha kulegeza, humjibu baada ya dazeni mbili. Hadi hapo, fanya polepole na usione aibu kufumua. Huo ndio uzuri wa utepe: unafumuliwa na kurudiwa bila kuharibika, tofauti na unyoya.

Usibadilishe mkono katikati kwa haraka. Wanaoanza wengi huushika utepe kwa mkono wa kulia upande wa kwao, wakaupitisha kwa kushoto nyuma ya ndoana, na pale mikono inapopokezana nguvu inashuka ghafla. Matokeo ni pingili moja nene katikati ya nyembamba. Ukitumia koleo dogo la kushikia, uzito wa koleo lenyewe usiachwe uvute. Ushike muda wote.

Saba, kufunga kwa mbele. Ukifika sehemu ya nyuma ya kifua, vuta utepe tena kidogo, ushike kwa mizunguko mitatu ya uzi, ongeza mitatu mingine mbele ya hapo, na umalizie na mmoja unaopita kati ya shina na utepe. Sasa uvute mkia uliobaki juu kabisa, ukate karibu na uzi. Ncha itajivuta ndani na kupotea chini ya mizunguko, bila kibutu. Hapa ndipo mimi nilipokosea zamani: ujanja huu ni mzuri pale tu uzi wa kutosha umeshakaa. Mizunguko miwili haitoshi. Sita, na ule mmoja wa kumalizia, ndiyo kiasi changu, na sipunguzi hata ninapoharakishwa.

Nane, zungusha waya wa shaba ukiuweka katika mifereji kati ya pingili, kwa mkono mwepesi. Ukikaza sana waya utauchanja utepe, na mpira wenye mchanjo, hata mdogo, huendelea kuchanika wenyewe kwa sababu unavutwa saa zote. Kwenye lateksi mimi siweki waya kabisa.

Tisa, kifua. Sokota manyoya ya sungura kwenye uzi, yawe machache, na uzungushe mara tatu au nne. Chomoa machache kwa sindano upande wa chini yawe miguu. Juu ya kifua paka kalamu ya maka nyeusi au ya kahawia katika mistari mitatu, kufuata magamba yale uliyoyaona kwenye mdudu. Unaweza pia kupaka mstari hafifu mgongoni, mkia hadi kifua. Buu wa kweli ana mgongo mweusi kuliko tumbo. Wino uachwe ukauke kabisa. Vanishi ikipita juu ya wino mbichi huuchukua na kuusambaza mwili mzima.

Kumi, fundo la kumalizia, mizunguko mitano, na tone dogo la vanishi kwenye uzi tu. Vanishi ikigusa utepe, kemikali zake huweza kuulainisha mpaka unate. Kwa hiyo chovya ncha ya sindano, usitumie brashi ya chupa.

Miguu: hapa sheria inageuka

Kila nilichosema kuhusu kuvuta, kisahau unapofika kwenye miguu. Mguu ukifungwa huku umevutwa, utajirudi ukiachiwa, tena kila mmoja kwa kiasi chake, nawe utabaki na nzi mwenye guu moja refu na jingine kibutu. Miguu hufungwa ikiwa imetulia, hupimwa ikiwa imetulia, na hukatwa ikiwa imetulia.

Mfano mzuri ni kaa wa mtoni, ambaye trauti wa mito yetu humla. Kwenye ndoana namba 8 funga mgongo kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa mviringo, na kabla ya kukishusha mahali pake, weka nyuzi za spandeksi za kahawia, nne kila upande. Kunja uzi mmoja wa spandeksi katikati, uupitishe juu ya uzi wa kufungia, kisha uteleze uzi hadi kwenye shina. Utakaa ubavuni wenyewe. Mzunguko wa kwanza uwe laini. Wa pili ukaze wastani. Ukikaza kwa nguvu zote mguu unasimama wima kama mwiba, na mguu uliosimama hauchezi majini. Unautaka ulale kando na kutikisika kwa kila msukumo mdogo wa maji.

Unene wa mguu una maana kuliko urefu. Samaki huona mwendo, na uzi mwembamba hutembea hata kwenye maji yaliyotulia, ilhali mnene husubiri mkondo. Kwa mabwawa chagua ule mwembamba. Kwa mito inayokimbia, ongeza unene. Ukitaka kuweka fundo dogo katikati ya mguu liwe goti, fanya hivyo kabla ya kufunga, na lowesha uzi kwa mate, maana spandeksi kavu hujishika yenyewe na fundo linakwama mahali pasipotakiwa.

Kutunza

Mpira wa asili hufa kwa jua na joto. Lateksi iliyoachwa kwenye dirisha la gari hugeuka rangi, ikanata, kisha ikavunjika kama jani kavu. Spandeksi ni ngumu zaidi, lakini nayo haipendi mwanga mkali. Weka tepe zako kwenye bahasha nyeusi au kopo lenye mfuniko, mbali na jiko. Nyuzi za miguu za plastiki laini usizichanganye kisanduku kimoja na chambo laini cha plastiki kile kinachofanana na mnyoo. Vikigusana kwa muda mrefu vinayeyushana.

Hatari kubwa kuliko zote iko mkononi mwako. Dawa ya mbu yenye kemikali iitwayo DEET hulainisha plastiki nyingi na kuharibu spandeksi. Mvuvi anajipaka jioni kando ya mto, anashika nzi, na baada ya siku chache miguu inashikana kama ubani uliotafunwa. Jipake kwa nyuma ya kiganja, nawa vidole kwa sabuni, ndipo ufungue kisanduku. Mafuta ya mgando yanafanya hivyo hivyo kwa lateksi, kwa hiyo mikono iliyotoka kupakwa mafuta isishike glavu unayotaka kukata.

Ukimaliza nzi sita, waweke kwenye glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi mshike kila mmoja kwenye kipindo na usukume mwili kwa ukucha wa dole gumba, upande huu na upande ule. Mwili usizunguke kwenye shina. Vuta mguu mmojammoja hadi mara mbili ya urefu wake na uuachie, usichomoke. Yeyote atakayeshindwa mchane kwa wembe upande wa mgongo, ng'oa kila kitu, rudisha ndoana kwenye jiliwa, na uanze tena kutoka hatua ya pili.